Kupima simu ya kazi yenye kibodi ya vitufe kabla hujalipa

Ukiulizia simu ya kibodi katika maduka ya Moi Avenue au Digo Road hapa Mombasa, muuzaji atafanya moja kati ya mawili: atakuletea mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi, huku akicheka, au atainama chini ya kaunta aibuke na BlackBerry inayong'aa kana kwamba imetoka kiwandani jana. Hiyo ya pili ndiyo ya kuogopa. Mng'aro ni wa kava jipya na kitambaa chenye spiriti. Ndani huenda mna simu iliyokufa zamani, inasubiri tu kuzikwa na pesa zako.

Wanaozitafuta simu hizi wana sababu. Wakala anayetoa mizigo bandari ya Kilindini anaandika nambari za makontena kutwa, na tarakimu moja ikikosewa kazi inasimama. Mhasibu wa Shimanzi anajibu barua pepe ndefu akiwa ndani ya matatu. Kitufe chenye ukingo kinakuambia kidole kiko wapi hata macho yakiwa kwingine. Shida ni kwamba mapenzi ya vitufe huwafanya watu waanze kupima mahali pabaya: wanabonyezabonyeza, wanafurahia ule mlio, wanalipa. Kibodi iache kwanza. Anza na mambo ambayo hakuna fundi atakayekurekebishia: mfumo wa simu, kufuli la aliyekuwa nayo, na mtandao.

Mfumo gani unaendesha simu

Jina BlackBerry peke yake halikwambii kitu. Bold 9900, Q10, Classic na Passport zote zinaendeshwa na mifumo ya BlackBerry wenyewe, na huduma za mifumo hiyo zilizimwa tarehe 4 Januari 2022. Kampuni ilionya waziwazi kwamba baada ya siku hiyo hata kupiga simu, kutuma ujumbe mfupi na kutumia data kusitegemewe. WhatsApp ilikuwa imeshaziacha mwishoni mwa 2017. Nokia E71 na ndugu zake wa mfumo wa Symbian waliachwa mapema zaidi, katikati ya mwaka huohuo. Kibodi ya Bold 9900 bado ni tamu kuliko nyingi zilizokuja baada yake, na hilo halibadilishi chochote: mji huu hauna biashara bila WhatsApp. Ukitaka ya kuweka kabatini, nunua. Ya kazi, mrudishie.

Zinazobaki ni za Android. Priv ya 2015, ile ya kuteleza, iliishia Android 6. KEYone ya 2017 na KEY2 ya 2018, zilizotengenezwa na kampuni ya TCL kwa leseni ya BlackBerry, ziliishia Android 8.1; TCL iliacha kuziuza tarehe 31 Agosti 2020. Upande wa Unihertz, kampuni nyingine inayotengeneza simu za kibodi, kuna Titan ya kwanza iliyofika Android 10, kisha Titan Pocket na Titan Slim za Android 11, na Titan 2 ya 2025 iliyokuja na Android 15. Ukiipenda simu yako ya sasa na ni iPhone, kuna pia kava za Clicks zilizoanza kuuzwa 2024, ambazo huchomekwa chini na kuongeza kibodi. Hizo kipimo chake ni kifupi: lazima kava liwe la modeli yako hasa, kwa sababu tundu na kamera hutofautiana hata kwa milimita.

Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Soma mambo matatu: nambari ya modeli, toleo la Android, na tarehe ya kiraka cha usalama, yaani sasisho la mwisho la kuziba mianya ya usalama. Tarehe hiyo ndiyo inayoonyesha umri wa kweli wa simu. KEY2 hata ikiwa haijawahi kutolewa kwenye sanduku, kiraka chake ni cha miaka mingi iliyopita na hakitaongezeka. Fundi akikuambia ataiflash, yaani aiwekee mfumo mwingine, iwe Android mpya, mwombe akuonyeshe moja tu aliyokwisha kuifanya. BlackBerry walifunga mlango wa kuwashia mfumo katika Priv, KEYone na KEY2 hivi kwamba watu wa kuunda mifumo mbadala hawakupata pa kuingilia.

Je, KEY2 haifai basi? Inategemea kazi. Kwa barua pepe, WhatsApp na kuandika, bado inajikokota. Kama simu ndiyo itakayobeba programu ya benki ya kampuni yenye saini mbili za malipo, mfumo usiopata viraka ni hatari isiyo na maana. Hapo chagua Titan 2, au acha benki kwenye simu nyingine.

Usimwamini mtu kuhusu programu, zijaribu. Tengeneza akaunti ya Google ya pembeni, si ile yenye barua za ofisi, uingie nayo kwa bando lako mwenyewe. Pakua WhatsApp, programu ya M-PESA, ya benki yako na ya barua pepe za kazi. Play Store ikikataa kupakua moja kwa kuwa kifaa hakikubaliki, umepata jibu. Zikikubali, zifungue mpaka ukurasa wa kuingia. Baadhi hupakuliwa vizuri kisha hujifunga zikiona mfumo mkongwe. Ndani ya Play Store, kwenye mipangilio na sehemu ya kuhusu, angalia pia kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect, ulinzi wa Google. Ukimaliza, ondoa akaunti yako kabla hujaondoka, hasa kama hununui.

Kufuli la mwenye nayo

Simu za kibodi nyingi sokoni zilikuwa za makampuni ya ng'ambo, na huingia kama ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza. Hapo ndipo panapoumiza, kwa maana kampuni hufunga simu zake kwa namna mbili.

Ya kwanza ni akaunti ya Google iliyobaki ndani. Mwambie muuzaji afute simu yote mbele yako kupitia Mipangilio. Akisisitiza kuifuta kwa kuizima na kushikilia vitufe vya kuwasha na sauti, muulize kwa nini. Njia hiyo ya pembeni haiondoi kufuli la akaunti. Inayoliondoa ni ile ya Mipangilio, ambayo hudai PIN ya simu kama ipo. Asiyeijua PIN ndiye huipenda njia ya vitufe.

Ya pili ni usimamizi wa kampuni. Hii hujificha vizuri zaidi, kwa kuwa simu ikifutwa na kuwashwa bila intaneti huonekana safi kabisa. Kwa hiyo baada ya kufuta, iwashe ukiwa umeiunganisha na intaneti tangu ukurasa wa kwanza, ufuate hatua zote hadi skrini ya mwanzo. Ikitaja jina la kampuni, au ikisema kifaa kinasimamiwa na shirika, mrudishie hata kama bei ni ya kutupa. Siku ambayo msimamizi huko aliko ataamua kuifunga, itafungwa mkononi mwako ukiwa kwenye foleni ya feri. Tenga kama nusu saa kwa zoezi hili. Muuzaji asiye na nusu saa, hana simu.

Nambari, laini na mawimbi

Bonyeza *#06# upate IMEI, nambari ya utambulisho wa simu, uilinganishe na iliyo kwenye trei ya laini au mgongoni, na ya sandukuni kama lipo. Zikipishana, simu imebadilishwa ubao au kava. Kenya ilizima simu feki mwishoni mwa Septemba 2012, na miongoni mwa zilizokumbwa zilikuwa nakala za BlackBerry na Nokia za mfululizo wa E. Vifaa vya namna hiyo bado huibuka kwenye makabati: vina vitufe vya plastiki nyepesi, na ukivikwaruza kwa ukucha herufi hutoka.

Angalia kama trei ina nafasi ya laini moja au mbili. KEYone nyingi ni za laini moja. Kama unatembea na Safaricom na Airtel, usidhani. Ichomoe trei uione.

Kisha nambari ya modeli. BlackBerry za TCL zilitengenezwa kwa matoleo tofauti ya kimaeneo, yenye jina moja la biashara ila mkia tofauti: BBB100-1, BBB100-2 na kuendelea kwa KEYone, BBF100 kwa KEY2. Mkia huo ndio unaoamua masafa. Tafuta kwenye maelezo ya toleo lako kama lina bendi (mafungu ya masafa) mbili: bendi 3 ya 1800 MHz na bendi 20 ya 800 MHz kwa 4G. Ya 800 ndiyo inayopenya kuta, nawe unajua kuta za matumbawe za Mji wa Kale zilivyo nene, na magodauni ya mabati ya Shimanzi yanavyomeza mawimbi. Simu isiyo na bendi 20 itaonyesha 4G nzuri barabarani na kuishiwa nguvu ukiingia ndani.

Weka laini yako mwenyewe. Ingia ndani kabisa ya duka, nyuma ya makabati, ufungue ukurasa wowote wa wavuti. Halafu piga simu ukiangalia alama ya mtandao juu ya skrini. Ikishuka kutoka 4G hadi 3G au H mara tu unapopiga, maana yake simu haipigi kwa njia ya 4G kwenye mtandao huo. Hutokea sana kwa simu ambazo kampuni ya mtandao haikuziingiza kwenye orodha yake. Si kosa la kuvunja biashara, ila kuunganishwa huchukua sekunde zaidi, na data hupungua kasi unapoongea. Anayetuma picha za hati huku akizungumza na mteja ataona tofauti.

Kibodi yenyewe

Sasa bonyeza. Zima kwanza kusahihisha maneno na mapendekezo yote, maana hayo ndiyo yanayoficha ugonjwa. Ingia sehemu ya lugha katika Mipangilio, tafuta Kibodi halisi, uzime pia ile ya skrini isijitokeze.

Fungua programu ya kuandika maandishi. Bonyeza kila kitufe mara tano polepole, kisha mara tano harakaharaka, ukianza katikati ya kitufe na kumalizia kwenye kona zake. Herufi tano lazima ziwe tano. Zikitoka sita au saba, kitufe kinajirudia, na hilo ndilo lalamiko lililowafuata wenye KEY2 wengi. Sababu yake ni ya kimakanika: chini ya kila kitufe kuna kikuba kidogo cha chuma kinachobonyea na kugusa ubao. Kikichakaa au kikipata uchafu, mguso mmoja hutetemeka, na simu huhesabu miwili. Zikitoka nne, kikuba hakigusi sawasawa.

Kwa Kiswahili hili lina uchungu wake. Kwa Kiingereza, kosa la kujirudia simu hulisahihisha yenyewe, lakini sisi tuna maneno halali yenye irabu mbili: taa, kuu, saa, choo, maana. Kibodi inayorudia itakuandikia *kaata* na *piiga*, na kisahihishi cha Kiingereza kitabadilisha yote kuwa upuuzi mwingine. Basi jaribu kwa maneno yasiyo na irabu pacha: *dereva, mzigo, risiti, bandari, kesho, pakua*. Andika kila moja mara kumi.

Kitufe cha A kikague peke yake, na kwa wivu. Kiswahili hukila kitufe hicho kuliko kingine chochote. Simu iliyotumiwa na Mwingereza itakuwa na E na kitufe cha nafasi vilivyolainika na kung'aa huku A ikiwa na nguvu bado. Iliyotumiwa hapa pwani, A ndiyo itakayokuwa ya kwanza kulegea. Ielekeze simu kwenye mwanga kwa mshazari: vitufe vyenye kung'aa kuliko jirani zao vinakuonyesha lugha ya mwenye nayo na saa alizofanya kazi.

Ukikuta kimekufa kitufe kimoja, tatizo liko chini yake, na mara nyingi ni uchafu. Vikifa kadhaa vilivyo kwenye mstari mmoja au safu moja, usikubali kuambiwa ni vumbi. Kibodi imeunganishwa kwa gridi, mistari na safu, na mstari mzima hufa pale fleksi, ule utepe mwembamba wa waya, inapokatika au kiunganishi chake kinapooza. Hiyo ni kazi ya kufungua simu na kutafuta kibodi nyingine, ambayo kwa modeli hizi hupatikana kwa kuagiza tu. Kwenye KEYone na KEY2 kisomaji cha alama ya kidole kiko ndani ya kitufe cha nafasi: kikigoma kusajili kidole, shuku kwamba kibodi iliwahi kubadilishwa au fleksi imeumia. Zima taa za duka au ufunike simu kwa mkono uangalie mwanga wa vitufe. Mwanga huo ukiwa na mabaka, ushahidi umeongezeka.

KEYone na KEY2 zina sifa nyingine: uso wa kibodi huhisi kidole kikipita juu yake, hivyo unaweza kuskroli bila kugusa skrini. KEY2 LE, toleo la bei nafuu, haina hiyo, na muuzaji hatakwambia. Telezesha kidole juu ya vitufe ukiwa kwenye ukurasa mrefu. Kisha lowesha ncha za vidole kidogo urudie. Mkono wenye jasho la Machi huichanganya sehemu hii, ukurasa unaruka wenyewe na kishale kinahama katikati ya neno. Kama kazi yako ni ya juani, ujue utaizima sifa hiyo kwenye mipangilio, basi usiilipie kana kwamba ni dhahabu.

Andika nambari za kazi

Tarakimu kwenye BlackBerry zimelala chini ya herufi, nawe huzifikia kwa kitufe cha Alt: 1, 2, 3 ziko kwenye W, E, R; 4, 5, 6 kwenye S, D, F; 7, 8, 9 kwenye Z, X, C; sifuri ina kitufe chake karibu na nafasi. Ukigonga Alt mara mbili inajifunga, na unaandika tarakimu mfululizo mpaka uifungue. Titan zina mpangilio wao, kwa hiyo fuata kilichochapwa juu ya vitufe.

Mfano mzuri wa kupimia ni nambari ya kontena, kwa kuwa ni herufi nne zikifuatwa na tarakimu saba. Chukua CSQU3054383. Unaandika C, S, Q, U. Unagonga Alt mara mbili. Halafu vidole vinapita R, 0, D, S, R, X, R. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na kumi zilizotangulia, ndiyo sababu mfumo wa bandari unaweza kukataa nambari iliyokosewa kabla haijaleta hasara. Iandike mara kumi, ukipima kwa saa. Mara tano za kwanza zitakukera. Kama hadi ya kumi bado unatafuta Alt kwa macho, na kazi yako ni tarakimu zaidi ya maneno, kibodi hii si yako. Vitufe vikubwa vya nambari kwenye kioo vitakushinda mbio.

Kisha M-PESA. Fungua sehemu ya kupigia uandike *334# kwa vitufe: A, R, R, S, Q, maana nyota iko kwenye A na alama ya reli kwenye Q. Angalia kama tarakimu zinajitokeza zenyewe au ni lazima ushike Alt. Menyu ikija, jibu kwa kitufe ufike hadi panapodaiwa PIN, kisha ghairi. Visanduku vya kawaida vya nambari kwenye Android hujua kuchukua tarakimu iliyo chini ya herufi bila Alt. Programu zinazochora kibodi yao wenyewe ya PIN, kama zifanyavyo nyingi za benki, huipuuza kibodi yako kabisa na kutaka uguse skrini. Huo si ubovu wa simu, ila uujue leo.

Malizia kwa sentensi moja yenye kila kitu:

*Kontena CSQU3054383 limetoka saa 4:35 asubuhi; using'oe lakiri kabla ya risiti ya KSh 12,500. Je, dereva amefika?*

Ina ng' yenye kitone chake cha juu, ambacho kwenye BlackBerry ni Alt na K. Ina nukta pacha, nukta mkato, mkato, alama ya kuuliza. Hesabu makosa, hesabu sekunde, uandike pia kwenye simu yako ya sasa. Siku ya kwanza kioo kitashinda karibu kila mara. Vidole huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea, kwa hiyo usiangalie kasi, angalia makosa. Kibodi nzuri hukupunguzia makosa tangu saa ya kwanza hata ukiwa polepole.

Chumvi

Kinachoua simu hizi Mombasa kuliko kuanguka ni hewa. Simu ya kioo ina matundu machache. Kibodi ina mianya zaidi ya thelathini, na kila mmoja unaalika unyevu, chumvi na jasho. KEYone na KEY2 hazina ukingaji wa maji wa aina yoyote. Titan ya kwanza ina IP67, kiwango cha kukinga maji na vumbi, ndiyo maana wengine wanavumilia uzito wake wa gramu 303, tofali hasa. Pocket haina kinga hiyo.

Duka lenye AC hupumbaza. Hewa kavu ya ndani huvifanya vitufe vilivyoanza kuoza vifanye kazi vizuri, halafu ukitoka nje na simu iliyopoa, mvuke unaganda ndani yake kama unavyoganda kwenye chupa ya soda. Ukikubaliwa, toka na muuzaji hadi kibarazani, weka simu mfukoni dakika 15, urudie jaribio la kubonyeza kila kitufe mara tano. Hitilafu za unyevu huja na kupotea, na hapo ndipo hujitokeza.

Chomoa trei ya laini umulike ndani kwa tochi, umulike na tundu la chaji. Kutu ya kijani au unga mweupe kwenye vipini ni chumvi iliyokwisha kuingia. Ikiwa hapo, ipo na chini ya kibodi. Kitufe kimoja kinachonata husafishika kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi: zima simu, iinamishe, lowesha brashi laini kidogo tu, bonyeza kitufe mara thelathini hivi, uiache ikauke saa kadhaa. Usitumie spiriti yenye maji mengi wala mafuta ya cherehani, ambayo hulainisha leo na kukusanya vumbi kesho.

Kioo, jua, betri

Toka nje saa saba mchana, mwangaza ukiwa juu kabisa, usome barua pepe moja. Huna haja ya kipimo kingine. Kisha pitisha ukucha kwenye mshono wa kioo na fremu. KEYone za toleo la mwanzo zilijulikana kwa kioo kuachana na fremu kwa sababu ya gundi haba, na baadaye mtengenezaji akaongeza gundi. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya kioo, pale kinapokutana na kibodi. Kikicheza, au mwanga ukipenya, iache.

Skrini za simu hizi ni fupi au za mraba. KEYone na KEY2 zina inchi 4.5, Titan Pocket 3.1 tu. Programu zimechorwa kwa skrini ndefu, hivyo kwenye Pocket kitufe cha *Endelea* huweza kuzama chini kusikofikika. Fungua fomu ndefu ya programu unayoitumia kila siku, uskroli hadi mwisho, uhakikishe unaweza kuituma.

Betri za KEYone (3,505 mAh), KEY2 (3,500 mAh) na LE (3,000 mAh) zimegandishwa kwa gundi na zina umri wa simu zenyewe. Laza simu mgongo chini juu ya kioo cha kaunta uisukume kona. Ikizunguka kama pia, huenda betri imevimba. Pandisha mwangaza, washa data, andika dakika 20. Ikishuka zaidi ya asilimia 8, jumlisha bei ya betri mpya na ya fundi kwenye bei unayotajiwa. Ikiruka kutoka 40 hadi 25 kwa mkupuo, usijumlishe chochote, betri imekwisha. Chomeka chaja uitikise taratibu: chaji ikikatika, tundu limelegea.

Jambo moja la raha, kama umefika hapa na simu bado iko hai: KEYone na KEY2 hukuruhusu kuipa kila herufi kazi mbili, moja kwa kugusa na moja kwa kushikilia, jumla njia za mkato 52. W ya WhatsApp, M ya M-PESA, B ya bosi. Kwa KEYone hufanya kazi ukiwa skrini ya mwanzo. KEY2 ina kitufe maalumu kinachoziita kutoka popote. Hii ndiyo sifa inayowafanya watu wang'ang'anie simu za 2018 hadi leo.

Bei na risiti

Unihertz huuza hasa kupitia tovuti yake, kwa hiyo ukiagiza Titan 2 hesabu usafiri, VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine kabla hujailinganisha na ya dukani. Kwa KEY2 iliyotumika, bei ya haki ni ile inayokuachia pesa za betri na za kibodi moja ya akiba, kwa sababu vyote viwili utavihitaji.

Risiti iandikwe IMEI, modeli pamoja na mkia wake, na siku za kurudisha. Muuzaji ataandika siku tatu. Dai kumi na nne, na siku hizo zote itumie nje, mfukoni, kwenye feri, jioni ya unyevu, si mezani ofisini. Kitufe cha A kikianza kujirudia siku ya kumi na moja, bado uko ndani ya muda.